Nani Anayeleta Kipindupindu?



Kila mara kipindupindu kinapoingia katika mitaa yetu, husikika sauti tatu. Ya kwanza hutoka katika gari lenye kipaza sauti: wananchi ni wachafu, waache uchafu. Ya pili, kwa aibu yetu, hutoka katika mimbari: Mungu amechoshwa na dhambi za mji huu. Ya tatu hunong'onwa msibani: kuna mkono wa mtu. Sauti hizi hugombana zenyewe kwa zenyewe, lakini katika jambo moja zinapatana kabisa. Zote humtafuta mkosaji ndani ya nyumba ya marehemu, au katika nyumba ya jirani yake. Hakuna hata moja inayouliza maji yaliyonywewa katika nyumba ile yalitoka wapi, na kwa nini nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, yenye watu wanaotenda dhambi zile zile, haikupata hata mgonjwa mmoja.

Tunaandika kurasa hizi kwa sababu tumechoka kuwazika watu na kisha kuwatukana.

Tuanze na lile lisilobishaniwa. Kipindupindu huletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Mwitaliano Filippo Pacini alimwona kwa hadubini mjini Florence mwaka 1854, katika matumbo ya watu waliokufa, wala hakusikilizwa. Ilipita miaka 30 hata Mjerumani Robert Koch akamthibitisha, baada ya kuwachunguza wagonjwa wa Misri na wa Calcutta mwaka 1883 na 1884. Bakteria huyu hutoka katika choo cha mgonjwa na kuingia katika kinywa cha mtu mwingine, kwa maji, kwa chakula au kwa mikono. Tumbo lenye asidi ya kutosha huwaua wengi. Wachache wanaopona humo hufika katika utumbo mdogo na kutoa sumu, na sumu hiyo huulazimisha utumbo kumwaga maji ya mwili. Mtu mzima aliyeshikwa vikali aweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Ndiyo sababu macho huzama, ngozi hukunjamana, sauti hukauka, na mtu aliyekwenda shambani asubuhi akiwa mzima huzikwa kesho yake.

Kuna mambo mawili hapa ambayo viongozi wa jumuiya hawana budi kuyashika. La kwanza, wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, lakini kwa siku kadhaa hutoa bakteria katika choo chao. Kwa hiyo ni kazi bure kumnyooshea kidole aliyeugua wa kwanza. Yawezekana ugonjwa uliletwa na mtu mwenye afya njema aliyekaa nasi kanisani. La pili, ugonjwa huu unatibika kirahisi kuliko magonjwa mengi tunayoyaogopa. Anayerudishiwa maji na chumvi mapema hupona. Wakitunzwa vema, hafi hata mmoja kati ya 100. Wagonjwa mahututi wasiotunzwa hufa karibu nusu yao. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, mpakani mwa India na nchi ambayo leo ni Bangladesh, dripu ziliisha na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kwa hiyo asiwepo mama katika parokia zetu asiyejua kwamba, pakikosekana pakiti za dawa hiyo ya maji, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, humpa mgonjwa nafasi ya kufika zahanati akiwa hai. Afikishwe lakini. Maji hayo si mbadala wa zahanati.

Tufungue mabano kidogo, maana watu wengi huchanganya vijidudu vyote katika kapu moja. Bakteria ni kiumbe hai kamili, ajitegemeaye, na dawa za kuua bakteria zinaweza kumshinda. Virusi ni vidogo zaidi tena sana, na haviwezi kuongezeka ila vimeingia ndani ya chembe hai za mwili wa mwingine. Surua, UKIMWI, mafua, Ebola na Korona ni vya virusi, na dawa za kuua bakteria hazivigusi. Mwamini anayenunua vidonge viwili vya rangi mbili dukani ili kutibu mafua anatupa fedha yake, tena anawazoeza bakteria waliomo mwilini mwake kuishinda dawa atakayoihitaji siku nyingine. Lakini iwe bakteria, iwe virusi, kila ugonjwa una njia yake: mwingine pumzi, mwingine damu, mwingine kinywa. Nani hujenga njia hizo, na nani huachwa kukaa kando yake? Hilo ndilo linaloihusu Tume ya Haki na Amani. Mwaka 2020, Korona ilipoenea, watu waliopanga chumba kimoja wakiwa sita waliagizwa wakae mbali mbali. Agizo lile lilikuwa sahihi kwa elimu ya virusi. Kwa chumba kile lilikuwa dhihaka. Tufunge mabano.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba Aristotle alizitaja sababu za aina nne, na kwamba hajaijua sababu ya nyumba anayesema tu kwamba imejengwa kwa matofali. Darasa lile tulilisoma kwa ajili ya mtihani, tukalisahau. Tungelikumbuka, tusingetosheka kuambiwa kwamba sababu ya vifo katika mtaa fulani ni bakteria. Bakteria ni tofali. Tunataka kumjua fundi, tunataka kuiona ramani, na tunataka kujua nani aliitia sahihi.

Ushahidi wa hayo ulipatikana zamani, tena mbali na kwetu, katika mji ambao leo hakuna anayeuita mchafu. London ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa mji mkubwa na tajiri wenye vinyesi chini ya nyumba zake. Waganga wakubwa wa wakati ule waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya, na kwamba hewa mbaya huwapenda watu wa hali ya chini. Daktari John Snow alikataa. Wengi wamesikia habari ya kisima chenye pampu cha Broad Street, mtaa wa Soho, ambapo watu zaidi ya 600 walikufa tangu mwisho wa Agosti 1854, na jinsi mkono wa pampu ile ulivyoondolewa tarehe 8 Septemba. Habari nzuri, lakini kwetu ile ya pili ina nguvu zaidi. Kusini mwa mto Thames makampuni mawili yaliuza maji katika mitaa ile ile, mabomba yao yakipita sambamba. Nyumba hii ilinunua kwa kampuni hili, nyumba ya pili kwa kampuni lile. Kampuni la Lambeth lilikuwa limehamisha mahali pake pa kuchotea mwaka 1852, likaenda juu ya mto kabla haujafika mjini. Kampuni la Southwark na Vauxhall liliendelea kuchota ndani ya mji, katika maji yenye vinyesi vya mji mzima. Snow alihesabu nyumba moja moja. Katika kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya Southwark na Vauxhall walikufa watu 315. Katika kila nyumba 10,000 za Lambeth walikufa 37.

Ndugu zetu, tunaomba mzisome hesabu hizo mara mbili. Barabara ilikuwa moja, hewa moja, na watu wa namna moja: wacha Mungu na walevi, wenye kufua kila siku na wenye kufua mara moja kwa mwezi, wamechanganyika pande zote mbili. Kilichotofautiana ni bomba. Na bomba halikuchaguliwa na mama wa nyumba. Lilichaguliwa katika kikao cha wenye hisa.

Yupo mtu mwingine katika habari ya Soho ambaye mapadre na makatekista tungefaa kumjua. Kasisi msaidizi wa Kianglikana, Henry Whitehead, kijana wa karibu miaka 29, alikuwa akihudumu katika mtaa ule wa Broad Street. Aliposikia maelezo ya Snow hakuyakubali. Alikata shauri kuyapinga, na kwa kuwa aliwajua watu wake kwa majina alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, nyingine akizirudia mara nyingi, akiuliza nani alikunywa nini, siku gani. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba Snow ana haki. Hatimaye ni yeye, si daktari, aliyegundua kwamba katika nyumba namba 40, karibu kabisa na kisima, kitoto kichanga kilikuwa kimeugua mwishoni mwa Agosti, na mama yake alikuwa akimwaga maji aliyofulia nepi katika karo la choo mbele ya nyumba. Walipochimba walikuta matofali ya karo yameoza, na kisima kiko chini ya mita moja kutoka hapo. Mama yule alikuwa anafua nepi za mwanawe anayekufa, yaani alikuwa anafanya usafi! Kosa lilikuwa katika karo lililochakaa ambalo hakuna mwenye mamlaka aliyelikagua.

Kasisi yule hakuwa na hadubini. Alikuwa na miguu, daftari, na watu waliomwamini kiasi cha kumfungulia mlango. Jumuiya zetu Ndogondogo zina hayo yote.

Sasa turudi kwetu. Kipindupindu si mgeni wa jana katika Afrika ya Mashariki. Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu namna ugonjwa huu ulivyoingia pande zetu mara kadhaa tangu mwaka 1821, ukifuata majahazi ya bahari ya Hindi na misafara ya biashara ya bara. Wimbi la mwaka 1869 na 1870 liliua maelfu Unguja. Wimbi la sasa lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na Tanzania mwaka 1974. Nalo halijaisha hadi leo. Mwaka 1997 Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliokufa walizidi 2,000. Mwezi Agosti 2015 mlipuko mwingine ulianzia Dar es Salaam, ukasambaa mikoani kwa karibu miaka mitatu, ukaacha wagonjwa zaidi ya 30,000 na makaburi zaidi ya 500. Na tusiisahau Goma. Mwezi Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, mamia ya maelfu, walitua juu ya miamba ya volkeno ambayo jembe haliwezi kuichimba, wakawa hawana choo, wakanywa maji ya ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuharisha. Yupo atakayesema watu wale walikufa kwa uchafu wao?

Wapo wasemao hivyo kuhusu mitaa yetu, tena bila kuona haya. Neno lenyewe "uswahilini" limegeuzwa kuwa jina la uchafu, na ni vema tukumbuke lilivyozaliwa. Wakoloni, Wajerumani na baada yao Waingereza, waliugawa mji wa Dar es Salaam katika kanda tatu: Wazungu kwao, Wahindi na biashara kwao, Waafrika kwao. Mabomba na mifereji ya maji machafu yalifuata mgawo huo. Uhuru ulipokuja, mpaka wa rangi ulifutwa. Mpaka wa bomba ukabaki ardhini. Mwaka 1971 serikali yetu ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa vijijini maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo jema, nasi hatuwacheki walioliweka. Miaka 20 ikatimia mwaka 1991, maji hayajafika. Sera ya maji ya mwaka 2002 ikarudia mita zile zile 400, ikaongeza lita 25 kwa kila mtu kwa siku. Kati ya mwaka 2003 na 2005 maji ya Dar es Salaam yalikodishwa kwa kampuni binafsi kwa shauri la wakopeshaji wa nje, waliotuambia kwamba mwenye mtaji ndiye atakayeyafikisha mabomba kwa maskini. Mwezi Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba. Tangu hapo mabomba yameongezwa mahali pengi, na anayestahili shukrani ashukuriwe. Lakini kila mwenye macho anaijua mitaa ambayo bomba limepita na maji hayajapita.

Hebu tupige hesabu ya nyumbani. Kwa lita zile 25 za sera, familia ya watu sita inahitaji lita 150 kwa siku, yaani madumu saba na nusu. Mama anayenunua maji ya mkokoteni hununua madumu mawili, siku njema matatu, na kwa kila dumu hulipa mara kadhaa ya bei anayolipa mwenye bomba ndani ya uzio. Kati ya madumu hayo mawili atapika, atanywesha, ataogesha watoto, ataosha vyombo. Ndipo anapofika mtu mwenye kipaza sauti kumwambia anawe mikono kwa maji tiririka na sabuni kila atokapo chooni. Tunaliunga mkono shauri hilo, wala asije mtu akasema Tume imepinga kunawa mikono. Tunachokataa ni kumpa mtu amri pasipo kumpa maji, na kisha kumhukumu kwa kutoitii.

Tumeyaona kwa macho. Katika parokia moja tuliyohudumia zamani, mlipuko ulipotangazwa, kikosi kilikuja na gari, kikamwaga sufuria za uji na maharage za kina mama lishe, kikavunja mabanda yao, kikaondoka. Yapata hatua 30 kutoka hapo palikuwa na bomba la mtaa lililokauka tangu mwaka uliotangulia, na mbele kidogo mfereji ambamo wenye nyumba za kupanga walikuwa na desturi ya kutapisha vyoo kila mvua kubwa iliponyesha. Wapangaji walikunywa maji ya visima vilivyo kando ya mfereji ule ule. Hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyeitwa. Bomba halikutengenezwa. Akina mama watano walipoteza riziki, na ugonjwa ukaendelea wiki nyingine kadhaa. Hatusemi kwamba chakula kinachouzwa wazi, chenye nzi, hakina hatari, kinayo. Tunasema kwamba ni rahisi kumwaga uji wa mjane kuliko kumshitaki mwenye nyumba kumi.

Pamoja na hayo kuna dhambi ya kuficha. Mwaka 1892 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulitawaliwa na wafanyabiashara. Kipindupindu kilipoingia walichelewa kutangaza, kwa kuogopa meli zao zisizuiwe bandarini. Mji ulikuwa unakunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na kwa majuma machache walikufa watu karibu 8,600. Jirani yao Altona, aliyeyachuja maji ya mto ule ule, alinusurika kwa sehemu kubwa. Je, tabia ile imekufa? Mpaka nyakati zetu zimekuwapo nchi zinazoona afadhali kuuita ugonjwa huu "kuharisha sana" kuliko kutamka jina lake, kwa ajili ya watalii na soko la samaki. Mwananchi asiyeambiwa jina la ugonjwa hachemshi maji. Anayeficha kipindupindu ameshiriki kuua, hata kama amefanya hivyo kwa kalamu, katika ofisi yenye kiyoyozi.

Tuje sasa kwa wahubiri, na tujianzie sisi wenyewe. Mwaka 1983, UKIMWI ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, mkoani Kagera, wako wengi kati yetu wenye joho na wasio na joho waliojua mara moja kwamba ni ghadhabu ya Mungu. Kisha wakaanza kuzaliwa watoto wenye virusi, nasi tukawa hatuna la kusema. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana hakuwakubalia hata upande mmoja. Alipowataja yeye mwenyewe watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu alikanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Mhubiri anayesema kipindupindu ni adhabu ya wakazi wa bondeni aeleze kwanza kwa nini Mungu anaufuata mfereji wa maji machafu katika kuadhibu kwake, na kwa nini hapandi kamwe mlimani kwenye nyumba zenye matangi.

Maandiko yenyewe yana busara kuliko wafafanuzi wake. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli wanaagizwa wawe na mahali nje ya kambi pa kwendea haja, na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia na kufukia, kwa kuwa Bwana anatembea katikati ya kambi. Choo kimo ndani ya Torati! Sisi tumelihesabu kuwa jambo la bwana afya.

Na wale wa "mkono wa mtu" watazame yaliyotokea Haiti. Mwezi Oktoba 2010 kipindupindu kililipuka katika nchi ile ambayo haikuwa na kumbukumbu ya ugonjwa huo kwa muda wa karne nzima. Watu wenye hasira waliwaua makumi ya makuhani wa voodoo wakidai wameutupa kwa uchawi. Uchunguzi ulionyesha kwamba bakteria aliingia na maji machafu ya kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, yaliyofika katika kijito kinachoingia mto Artibonite. Walikufa watu karibu 10,000. Mwezi Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba Wahaiti radhi. Mkono wa mtu ulikuwapo kweli, lakini waliouawa kwa ajili yake hawakuwa na hatia.

Kanisa halina udhuru wa kutojua. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987 kuhusu masuala ya jamii, alifundisha juu ya miundo ya dhambi, yaani dhambi za watu zilizokwisha kugeuka kuwa taratibu na desturi hata hakuna anayeziona tena kuwa dhambi. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alisema waziwazi kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umelitambua hilo tarehe 28 Julai 2010, na mwaka huo huo ndugu zetu wa Kenya waliliandika katika Katiba yao, ibara ya 43. Mfereji uliotajwa hapo juu ni muundo wa dhambi. Una mwenye nyumba aliyeutumia, ofisa aliyeufumbia macho, na paroko aliyeuruka kila Jumapili akienda kigangoni bila kusema neno. Paroko huyo alikuwa sisi.

Je, parokia zetu ziko salama kiasi gani? Tumehudhuria jubilei za kupendeza ambapo watu 1,000 walikula pilau na kunywa maji kutoka pipa moja kwa vikombe vitatu, na vyoo vilikuwa viwili, kimoja kimefungwa kwa ajili ya wageni waheshimiwa. Tumeendesha mazishi ya aliyekufa kwa kuharisha, jamaa wamemwosha kwa mikono mitupu, kisha mikono ile ile ikapika chakula cha matanga. Tulijua, tukanyamaza ili tusiwaudhi wafiwa. Kuwaheshimu wafu ni tendo la huruma, lakini Bwana hatatusifu kwa kuwaongeza. Wizara ya Afya ina taratibu za maziko ya namna hiyo, na padre hana budi kuzitangaza yeye mwenyewe mbele ya jeneza, ili lawama imwangukie yeye badala ya mjane.

Chanjo ipo, nayo ni msaada mkubwa. Zanzibar waliipata mapema, mwaka 2009. Watu wachanjwe kila inapoletwa. Lakini mwezi Oktoba 2022 akiba ya dunia ilipungua hata Shirika la Afya Duniani likaagiza katika milipuko itolewe dozi moja badala ya mbili. Chanjo ya kunywa hailetwi kuwa badala ya bomba.

Kwa hiyo tunawaagiza viongozi wa Jumuiya zote Ndogondogo wafanye kama alivyofanya kasisi yule wa Soho. Kabla ya mvua za masika, wapite watu wawili wawili kwa kila kaya, Mkristo na asiye Mkristo, waandike katika daftari la jumuiya: maji ya kunywa yanatoka wapi; dumu ni shilingi ngapi; bomba lililo karibu lina maji siku ngapi kwa wiki, na kama limekauka, tangu lini; choo ni cha watu wangapi, na kisima kiko hatua ngapi kutoka chooni; mvua ikinyesha choo kinatapishwa wapi, na nyumba ni ya nani. Jina la mwenye nyumba liandikwe hata kama ni mfadhili wa parokia. Nakala moja apewe mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, nyingine tutaipeleka wenyewe kwa diwani na kwa mamlaka ya maji, nasi hatutaondoka mezani bila mhuri wa kupokelewa. Asiyejua kuandika aongozane na mwanafunzi. Madaftari yafike ofisi ya parokia kabla ya Jumatano ya Majivu.